Siku Uliyokataa Kupeleka Maneno ya Suresh

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mama ameniambia arobaini yako imesomwa vizuri na watu walijaa mpaka barabarani. Mimi sikupata ruhusa ya kusafiri kuja Tanga. Leo Ijumaa wenzangu wa chumba wametoka, nimebaki peke yangu hapa mtaani Al Muraqqabat, nikaona nikuandikie. Yapo mambo yako ambayo Mama hayajui, maana hayakutokea mbele yake. Yalitokea ghalani.

Uliponileta Dubai nikae mapokezi kwenye kampuni ya mizigo, wewe ulikuwa msimamizi wa ghala. Wiki ile ya kwanza ulinitembeza kati ya maboksi kama mtu anayemwonyesha mgeni shamba lake. Ulifungua boksi la mashati ukanipa moja nilishike.

"Pamba ya Pakistani, kitambaa kimefumwa India, vifungo vya China, ameshona Mbangladeshi. Sasa linakwenda Kariakoo." Ukacheka. "Huo ndio utandawazi wanaouimba redioni. Nguo zimeshaelewana, binti yangu. Wenye nguo bado."

Nilikuja kuwajua wenye nguo uliokuwa ukiwasema. Suresh, mtu wa Delhi, alipanga nafasi za mizigo melini. Gulzar, Mpakistani wa milima ya Kashmir, aliendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Waligombana kwa ajili ya mechi ya kriketi kabla mimi sijafika, na tangu hapo hawakusemezana. Suresh akitaka kontena lisogezwe alikwambia wewe kwa Kiingereza, nawe ukamwambia Gulzar kwa Kiingereza kile kile, kisha ukarudi na jibu. Nilikuuliza kama hawana lugha moja.

"Kihindi na Kiurdu? Hao wanaelewana kuliko mimi na babu yako," ulisema. Lakini uliendelea kupeleka maneno yao, kwa sababu kazi ilitaka kwenda.

Kisha Ramadhani ile ya mwaka 2005 ardhi ikatetemeka Kashmir. Gulzar alikaa juu ya foklifti aliyokuwa ameizima, anapiga simu kijijini kwao na simu haiiti. Adhana ya magharibi ilipolia hata hakusikia. Ulimwekea tende kiganjani, ukamkunja vidole juu yake, ukasimama naye mpaka akaila.

Siku ya pili yake Suresh alikuja ghalani. Tulikuwa na mzigo wa mablanketi mazito wa binamu yake, uliokwama kwetu baada ya mnunuzi kujitoa. Alisimama mbele yako, akaongea kwa sauti ya chini.

"Bhai Bakari, mwambie Gulzar nimezungumza na binamu yangu. Mablanketi yote yaende kwao. Kule baridi inakuja."

Gulzar alikuwa pale pale juu ya foklifti, nyuma ya safu moja ya maboksi.

"Hilo sitalipeleka," ulimjibu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si la kazi. Nenda kamwambie mwenyewe."

Nilidhani umemkosea. Mtu amekuja na wema wake, nawe unamfungia mlango. Suresh alibaki akitazama viatu vyake, na nikahofu atageuka arudi ofisini, na mablanketi yabaki palepale. Halafu akaenda. Sikuelewa alichosema. Niliona Gulzar akishuka taratibu, akamsikiliza, akauliza neno moja, na Suresh akajibu kwa maneno mengi. Gulzar akajifunika uso kwa mikono. Suresh akamshika bega. Ukanivuta mkono, ukasema, "Twende zetu, tusiwatazame."

Yaliyofuata bado yananishangaza. Bi Lin, Mchina wa duka la jirani, alileta maturubai. Wasichana wa Kifilipino wa ghorofani walikusanya makoti kanisani kwao. Vijana wa Bangladeshi na Nepali walibaki kupakia baada ya zamu zao. Arbab, tajiri wetu mwenye kampuni, alipoingia akakuta ghala lake limejaa watu na mzigo usio na mteja, aliuliza nani ametoa ruhusa.

"Mimi, arbab," ulisema. "Kama ni kosa, ni langu."

Nilijua kibali chako cha kukaa nchini kiko mikononi mwake, na changu pia. Alilizunguka lile rundo, akainua blanketi moja akalipima uzito, akalirudisha. "Yalla," alisema. "Kontena na meli juu yangu. Lipelekeni Karachi."

Gulzar alitangulia kwa ndege. Mkewe na binti yake walikuwa wazima. Mama yake na kaka yake hawakuwahiwa chini ya kifusi. Suresh ndiye aliyepokea simu yake, akatupa habari huku machozi yanamtoka, na ndiye aliyemsihi arbab asiajiri dereva mwingine mpaka mwenzake arudi. Alisema "mwenzangu". Ulinitazama.

Baadaye kidogo tukasikia serikali zao mbili zimefungua njia mpakani huko Kashmir ili ndugu watafutane. Nilikuuliza kama itadumu.

"Sijui," ulisema. "Lakini wamefanya vyema, na vyema visemwe."

Siku hizi televisheni ya ofisini ikionyesha viongozi wa Asia wamekaa mezani na bendera zao, wanapanga biashara na ushirikiano, sibadilishi chaneli kama zamani. Najiuliza nani kati yao aliinuka kwanza akavuka chumba kumwendea mwenzake. Najua sasa ni kazi ngumu. Wewe ungeweza kuifanya kwa niaba ya Suresh, ukapata sifa. Ulikubali kuonekana mkorofi ili sifa iwe yake. Nimekupenda kwa mengi, Baba. Kwa hilo nimekuheshimu.

Habari ya msiba wako ilipofika kutoka Tanga ulikokuwa umerudi, Suresh na Gulzar walikuja pamoja mezani kwangu, wamevua kofia zao za kazi. Gulzar akaanza kukusomea Fatiha. Suresh ni Mhindu, hakujua afanye nini. Alimtazama mwenzake, kisha naye akafungua viganja, akavishikilia hivyo mpaka mwisho.

Mungu akulaze pema, Baba. Nitakuja kukuzuru kaburini nikipata likizo.

Binti yako akupendaye,
Rukia