Kata Moja ya Siki

Jumatano, 29 Januari
Nasra kanyonya, kalala. Vibuyu vya mume wangu Haji nshaviosha, nimevianika. Leo kapanda minazi kugema mara mbili, asubuhi na alasiri. Tembo likiwa bado tamu tumekunywa kikombe kimoja kimoja.

Mitungi ya siki, tembo lililoachwa mpaka liwe kali, iko mitatu. Wa tatu ni wangu. Mama mkwe wangu, Bi Mize, kanipa mwenyewe, maana vidole vyake vimekaza, hashiki kata ya kuchotea sawasawa. Kazi hii kaipokea kwa mkwe wake, na yule kwa wake. Ikitoka nzuri ntaachiwa mie. Ikiharibika atapewa wifi yangu wa Paje. Hakunificha.

Jumamosi, 1 Februari
Siku ya ishirini. Mitungi yake miwili ishaanza ukali, inachoma pua. Wangu unanuka ulevi tu. Jirani, Mama Saidi, kapita uani kaziba pua. "Mama Nasra, leo mmeamkia kilabuni?"

Nimecheka. Rohoni sikucheka.

Bi Zuwena, muuza achari wa soko la Darajani, anataka siki ya achari kabla ya Ramadhani. Kila saa nnakwenda kuuchungulia mtungi kama mtoto mwenye homa.

Jumatatu, 3 Februari
Nimetia kata moja ya siki ya mwaka jana kwenye mtungi wangu. Siki kwa siki, kuna nini? Hata maziwa ya mtindi huanzishwa hivyo. Mama mkwe alikuwa anasali. Sikumwambia. Sijui kwa nini sikumwambia.

Jumanne, 11 Februari
Imegeuka! Kali, safi, inang'aa kama chai ya rangi. Mama kainusa, kasema mkono wangu mwepesi. Nimemkumbatia Nasra mpaka kalia.

Alhamisi, 13 Februari
Leo sina raha.

Tulikuwa tunakuna nazi, Mama ananifundisha. Kasema tembo likikaa linakuwa ulevi, haramu. Likiachwa lenyewe likageuka siki, halali, Mungu kaligeuza. Lakini ukilitia kitu likiwa ulevi, hata chumvi, hata siki nyengine, halitakasiki tena. Ndivyo alivyofunzwa. "Ndo maana tunangoja siku arubaini. Mwenye haraka akanunue ya dukani."

Nimejikuna kidole kwenye mbuzi.

Jumatatu, 17 Februari
Nakaa, nainuka, nafagia palipofagiwa. Anayejua ni mie na Nasra, na Nasra hasemi.

Mtungi wangu mzuri kuliko ile miwili. Nikinyamaza, kazi ni yangu. Lakini watu wataifuturia achari ile.

Nimemwambia Haji. Kasema nikamwambie mama yake mwenyewe, yeye hathubutu. Mnazi mrefu anaupanda bila kamba, kwa mama yake anaogopa. Nimemkasirikia mpaka sasa.

Alhamisi, 20 Februari
Kesho arubaini.

Nimemwambia baada ya alasiri. Nilianza na "Mama, nisamehe," machozi yakanishinda. Kaniuliza lini. Kata ngapi. Kuku wakaingia jikoni, hakuna aliyewafukuza.

"Kamwage mwenyewe."

Nimeumwaga nyuma ya choo, mtungi mzima. Harufu imejaa uani. Mama Saidi kachungulia, safari hii hakutania. Mama hakunigombeza. Bora angenigombeza. Kasema tu huenda akampigia wifi simu.

Jumamosi, 22 Februari
Tumekwenda Darajani, Mama na mie, Nasra mgongoni. Madumu mawili badala ya matatu. Bi Zuwena kayatazama, katutazama sisi.

"Bi Mize, miaka yote hii nachukua kwako, haijapungua hata siku moja. Kumetokea nini?"

Nikatazama chini. Nikangoja jina langu.

"La tatu tumeliharibu," kasema Mama. "Tulikuwa na haraka."

Basi. Bi Zuwena kaguna, kapokea madumu yake. Mama hakuutia mkono mtungi ule hata mara moja.

Tumerudi jioni. Nimepika muhogo. Nimemuogesha Nasra. Mama kampokea na khanga yake, kamlaza mapajani, na sasa wamesinzia wote wawili barazani, midomo wazi. Kwa wifi hajapiga simu. Sijamuuliza.