Beringi za Injini ya Junaid

Jumatatu, 3 Machi 2025

Junaid ameshuka kutoka Kahawa Sukari na injini yake kwa pikap, ameniletea hapa gereji Ruiru niifunge. Anataka horsepower mia sita! Alishajinunulia beringi za kranki (ule mhimili unaozunguka ndani ya injini), zile ngumu za alumini. Nikamwambia hapana, kwa nguvu hiyo nataka za matabaka matatu, juu laini. Uchafu kidogo ukipita, ule ulaini unaumeza, kranki haikwaruzwi. Akauliza kwani ngumu si ndiyo imara? Tumebishana mpaka chai ikapoa. Amekubali.

Jumatano, 5 Machi

Beringi zimefika. Nzuri ajabu! Nimepima kranki na maikromita yangu. Nafasi ya oili kati ya kranki na beringi ni thau tatu (inchi 0.003), sawa kabisa. Mzee Uthman, mwenye gereji, aliyenifundisha kazi hii, akazungusha kranki kwa mkono. Akasema anaisikia nzito. Akaniambia niweke ule uzi wa plastiki, niufinye chini ya beringi, nione umetandaa kiasi gani; ukitandaa sana, nafasi ni ndogo.

Nikamwambia hiyo ni ya zamani, Mzee. Mbele ya watu. Akaenda kuswali.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeweka uzi. Kumwonyesha tu kwamba amekosea.

Thau moja na nusu.

Nikaweka mwingine. Moja na nusu. Nusu ya nafasi niliyoandika! Kwa injini ile, oili isingepita, beringi ingeyeyuka. Kesho naipeleka kranki ikapimwe upya.

Ijumaa, 7 Machi

Thika, kwa Jeconia, anayechonga kranki. Akapima kwa chombo chake. Kisha akachukua maikromita yangu, akaifunga kwenye kipande chake cha chuma chenye kipimo kamili. Ikasoma pungufu, thau moja na nusu. Akaniuliza polepole: Ndunge, hii uliwahi kuiangusha?

Januari. Ilianguka kwenye sakafu, nikaipangusa, nikairudisha kwa boksi. Sikumwambia mtu.

Nilikuwa nimefika Ruiru, nimeshika mlango wa gereji, ndipo ikanijia. Ngai! Injini ya Kimeu, mteja wangu! Nilimfungia Februari, gari la mbio, turbo kubwa. Maikromita hiyo hiyo.

Nimempigia mara tisa. Mteja hapatikani. Mke wake, Mbithe, anasema simu ya mumewe ilianguka majini, na Kimeu mwenyewe yuko Kalimoni kwa ndugu yake. Amekwenda na gari. Na watoto.

Jumamosi, 8 Machi

Jana usiku nilimweleza Uthman yote. Amekwenda Kalimoni kwa bodaboda tangu saa moja asubuhi, kumzuia Kimeu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Saa nne. Nimemsikia Kimeu kabla ya kumwona! Anaingia getini, na chini ya ule mngurumo kuna tak-tak-tak, beringi inagonga. Walipishana na Uthman njiani. Watoto wako nyuma, wanakula miwa. Wazima!

Kimeu ameshuka anacheka. Anasema amekuja kunishukuru, gari linaruka kama ndege, ila tangu jana kuna kakelele kadogo, labda bolti ya egzosi. Nikamwambia azime. Akasema ngoja kwanza usikie. Akakanyaga mafuta. Nikapiga kelele: ZIMA! Akazima. Mtoto mdogo akaanza kulia.

Nimekimbilia ofisini. Naandika haya. Uthman amerudi, yuko mlangoni. Ananiuliza: "Utamwambia wewe, ama nimwambie mimi?"

Nimesema mimi.

Bado nimekaa. Huko nje Kimeu anawaambia watoto wasiogope, fundi wa baba ni mkali tu kwa vile anajua kazi.