Solo Isiyo Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Studio tangu saa tatu asubuhi. Nyimbo nne za kwaya moja ya Kayole. Gitaa limeingia vizuri. Prodyuza akataka niongeze "kitu kama kile cha Mlangoni", kile kipande cha gitaa pekee cha wimbo wetu wa zamani. Kila studio Eastlands, hapa Nairobi, huniomba hicho kitu. Nikampa. Jina langu halitaandikwa popote. Kazi ya kukodiwa ndivyo ilivyo. Unapiga, unafunga gitaa, unaenda.

Kesho redioni. Kijiti, bendi yetu ya zamani, inarudi jukwaani mara moja tu, Jumamosi ya tarehe 22, kanisani hapa Donholm. Miaka kumi na minane tangu tutoe albamu. Wanataka nieleze jinsi solo ya "Usiniache Mlangoni" ilivyozaliwa.

Sijui nitasema nini. Hapana, huo ni uongo. Najua kabisa nitakachosema.

Jumanne, 4 Machi

Nimesema. Kwamba nilifunga siku tatu, nikaamka alfajiri, Mungu akaniwekea noti vidoleni. Nikatokwa na machozi. Yalikuwa machozi ya kweli, na hilo ndilo linalonitisha.

Simu imejaa pongezi. Rose amenichinjia kuku katikati ya wiki. Mke wangu ananiangalia kama siku zile za uchumba. Nilimega kipande kimoja, nikasema nimeshiba.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike hapa walau mara moja. Sijawahi kumwambia mtu.

Siku ya kurekodi vidole vilikufa ganzi. Woga tu, sina jina lingine. Baba alikuwa fundi wa mabehewa, tukiishi nyumba za reli, na nilikuwa nimemwapia kwamba gitaa litatutoa pale. Nilijaribu saa mbili nzima. Wenzetu walikwenda kula, tukabaki mimi, prodyuza wetu wa wakati huo na Tobias. Nikatoka nje nikatapika kwenye mtaro.

Niliporudi Tobias alikuwa ameshapiga. Tobias Ochieng', rafiki yangu, aliyekuwa na gitaa la pili. Mara moja, bila kurudia. Prodyuza alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, anacheka.

Jalada lilikuwa limeshachapishwa: gitaa la solo, Habil Wekesa, yaani mimi. Tukasema tutarekebisha kwenye chapa ya pili. Chapa ya pili ilipitia mikononi mwangu. Sikurekebisha. Tobias aliiona, akanitazama, akairudisha mezani. Mwaka huo akaacha bendi.

Prodyuza yule ni marehemu sasa. Nami ile solo nilijifunza kwa kuisikiliza na kurudia, kama kijana yeyote wa mtaani.

Jumatatu, 10 Machi

Mazoezi. Mwimbaji wetu Gideon, ambaye siku hizi ni pasta wa kanisa letu, akauliza Tobias yuko wapi. Nikasema nambari yake haiingii. Sijaipiga miaka sita. Wakasema basi tumwombee popote alipo. Nikafumba macho nikasema amina pamoja nao.

Mimi ni mtu mbaya.

Jumatano, 12 Machi

Rose alienda soko la Gikomba kutafuta mapazia. Akapotelea upande wa maseremala, akamkuta Tobias anauza vitanda. Amerudi amefurahi kweli.

"Amenikumbuka hata jina, Baba Neema! Anasema alikusikia redioni. Anakusalimia sana."

Nikamuuliza alikuwaje aliposema hivyo.

"Alikuwaje aje? Alikuwa tu sawa."

Nimeshinda kitandani. Nimesema ni malaria.

Ijumaa, 14 Machi

Nilitoka kwenda kumwona Tobias. Nilifika Majengo, nikaona moshi wa Gikomba, nikageuka.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeenda.

Alikuwa amepiga magoti akipiga msasa ubao wa kitanda. Mkono wa kushoto hauna vidole viwili. Mashine ya randa, miaka minne iliyopita. Sikujua. Hakuna aliyeniambia kwa sababu sikuuliza.

"Habil. Umenenepa," akasema.

Akanisogezea kiti kisichopakwa vanishi bado. Nikaanza kuomba msamaha. Nilikuwa nimejipanga vizuri, kama mahubiri. Akanikatiza.

"Ungekuja kabla ya hiyo redio, ningekwambia sahau. Haki ya Mungu. Lakini kuna Achieng'."

Achieng' ni binti yake, ana miaka kumi na saba. Tangu utotoni Tobias amemwambia ile solo ni ya babake. Siku ya mahojiano yangu walikuwa wote jikoni, redio imewashwa.

"Hakuniuliza kitu. Alizima tu redio akaendelea kuosha vyombo. Anaona mimi ni muongo. Na siwezi kushika gitaa nikamwonyesha. Nitashika na nini?"

Nikamwambia nitasema ukweli.

"Usiniambie mimi."

Akarudi kwenye msasa. Nilitamani anitukane, nijue pa kuanzia. Hakunitukana. Nikasimama pale kama mteja asiye na la kununua, mpaka mwenye duka la jirani akaniuliza natafuta nini.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwambia Rose. Aliacha kukunja nguo.

"Hata yale machozi, Baba Neema?"

Basi. Amehamishia vitu vyake chumba cha mwanetu Neema.

Nimepiga simu redioni. Wamesema kipindi kimeshapita, ujumbe nitumie kwenye ukurasa wao. Nimemwambia na Gideon. Akanisihi nisubiri tamasha liishe. Watu wanakuja kubarikiwa, nisiwavunje moyo. Kilichoniaibisha zaidi ni kwamba nilifarijika. Nusu saa nzima nilihisi nimepata ruhusa.

Halafu nikampigia Tobias. Nambari inaingia vizuri sana. Hakushika. Nikamwandikia: Jumamosi saa nane mchana, njoo na Achieng'.

Jumamosi, 22 Machi

Kanisa lilijaa mpaka nje. Tukapiga nyimbo tano. Mlangoni ilikuwa ya sita. Watu wakaanza kushangilia kabla hata sijagusa nyuzi.

Niliwaona karibu na lango. Tobias amevaa suti ya kijivu. Achieng' amesimama mbali naye kidogo, mikono imekunjwa.

Nikaenda kwenye kipaza sauti. Nilichosema nakikumbuka kwa sababu kilikuwa kifupi. "Nilidanganya redioni. Nimedanganya miaka kumi na minane. Solo hii alipiga Tobias Ochieng'. Yule pale. Mimi nilikuwa nje natapika kwa woga. Achieng', babako alikwambia ukweli."

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni utani. Kisha minong'ono, mibaya kuliko matusi. Gideon aliangalia sakafu. Mama mmoja mstari wa mbele, aliyekuwa amenyanyua simu anirekodi, akaishusha polepole.

Sikupiga ile solo. Ilipofika sehemu yake nikaacha ngoma na besi ziende peke yake, mahali patupu, kila mtu akisikia kilichokosekana. Uso uliniwaka mpaka masikioni.

Wimbo ulipoisha nikatazama langoni. Achieng' alikuwa ameushika mkono wa babake, ule wa kushoto. Walikuwa wanatoka. Tobias hakugeuka.

Jumatano, 26 Machi

Gideon amekuja nyumbani. Kwa upole amesema nipumzike kuhudumu na gitaa ibadani kwa muda. Muda gani, hakusema. Studio mbili zimeahirisha kazi zangu. Vijana wa mtaa wa Umoja wanatumiana video. Mmoja ameandika: mzee wa solo hewa. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyofaa.

Tobias hajapiga simu. Sitampigia. Nilimnyima neno moja miaka yote hiyo. Siwezi kudai lake ndani ya wiki.

Jumapili, 30 Machi

Kanisani, mstari wa nyuma, kando ya Rose. Hajarudi chumbani, lakini asubuhi alinipigia shati pasi.

Kijana mwingine yuko na gitaa. Anapiga vizuri. Ana haraka kidogo.

Walipoanza kuimba nilisimama na wengine. Sikujua mikono niiweke wapi. Nikaiweka mfukoni, nikaitoa. Rose alikuwa ameshafungua kitabu cha nyimbo. Akakisogeza, nikashika upande wangu.