Msiba wa Gambuti la Kushoto

Usagara, 3 Septemba 2024

Mwanangu Hellen,

Hujambo? Sisi wazima, mama yako anakusalimu. Kwa masikitiko makubwa, ukoo wa Masele unatangaza kumbukumbu ya gambuti langu la kushoto, lililozama kwenye majaruba ya mpunga masika ya mwaka juzi. La kulia bado ni mjane.

Sasa la maana. Mhandisi Alexander amekuja kupima barabara. Kaangalia bonde letu, kavu kabisa, akasema, "Hii ni gully tu, tutajaza kifusi." Mwenyekiti Nkwabi akabisha kwamba ni valley. Mimi nikawakubalia wote wawili, kama msomi. Yana tofauti gani? Wakijaza, maji yatakosa njia na mpunga wetu utazama. Kikao ni Jumamosi ya tarehe 14.

Baba yako, Masele


Tabora, 9 Septemba 2024

Shikamoo baba,

Mimi mzima, wanafunzi ndio wananichosha. Poleni na msiba.

Yote mawili ni ardhi iliyoshuka. Ila gully huchimbwa na mvua za majuzi tu: nyembamba, kingo zimesimama wima, maji yanapita mbio na kubeba udongo. Hiyo kweli huzibwa. Valley ni pana, ya tangu zamani. Maji hutulia humo yakaacha udongo, ndiyo maana watu wanalima. Usishindane naye Kiingereza, baba, nakujua. Mpeleke akaone.

Binti yako, Hellen


Usagara, 15 Septemba 2024

Mwanangu,

Hujambo? Mama yako anauliza kama unakula.

Utasikia kwamba nilimshinda mhandisi kwa Kiingereza. Aliyeeneza ni mimi. Ukweli ni huu: nilisimama kikaoni, nikasema "Valley…", mengine yakanitoroka.

Nkwabi akauliza, "Masele, inaendelea au ndiyo imeisha?"

Wakacheka. Nikabeba jembe, nikawaambia wanifuate. Kwenye jaruba, mle bondeni, nikachimba udongo mweusi hadi magotini, jembe likagonga mpira. Gambuti! Lilikuwa palepale, limefunikwa.

Alexander akaligeuzageuza. "Ingekuwa gully, hiki kiatu kingeshafika ziwani." Akanitazama. "Mzee, nani kakufundisha?"

Nafasi ya kudanganya niliipata, Hellen, tena nzuri. Nikasema, "Binti yangu. Mwalimu wa jiografia, Tabora." Nikarudia, kwa waliosimama nyuma.

Atachora daraja, kifusi hajazi tena.

Gambuti jembe lilishalitoboa, halivaliki. Nimelitundika sebuleni, kando ya picha yako ya mahafali. Mama yako anasema linanuka. Halitoki.

Baba yako, Masele