Magharibi ya Saa Sita Mchana

Jumanne, Mfunguo Pili. Mvua tangu alfajiri, ua wote tope. Roho yangu nayo haina pa kukaa.

Leo siku ya tatu mke wangu Mwanahawa hali wala hanywi. Anasema amefunga. Ramadhani imekwisha zamani, hata zile sita za Mfunguo Mosi tumekwisha zifunga, lakini nani wa kumwambia? Hata jina la Zuhura, binti yake wa kumzaa, halijui tena. Ikifika magharibi usingizi umekwisha mchukua, na ukimwamsha anakipiga kikombe mkono, maji yote chini.

Asubuhi alikuja dresa wa zahanati. Akamfinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Akasema mwili umekauka. Kesho kuna lori la Dar es Salaam, apelekwe hospitali. Huko watamfunga mikono kitandani, wampitishie maji kwa mpira wa puani. Kama hatutaki, basi tujue tunangoja nini. Zuhura anataka aende. "Baba, tusimwache akafa na maji yamo mtungini." Lakini jibu ni langu mimi mume, na dresa analitaka kesho kabla ya lori kuondoka.

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Zuhura.

Miaka mitatu nyuma, maradhi yalipokuwa yanamnyemelea, nilikuwa bado karani wa forodha. Mchana mmoja wa Ramadhani narudi kazini, namkuta barazani anakula muhogo wa kuchoma, watu wanapita. Alikuwa amesahau tu, maskini. Na aliyekula kwa kusahau hana kosa, mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo. Mimi nikachelea maneno ya majirani. Nikampokonya muhogo, nikamkaripia hata mtaa mzima ukasikia: "Mtu mzima huna haya! Mchana kweupe!" Alilia mpaka jioni, na samahani sikumwomba.

Amesahau wanawe, amesahau harusi yetu, amenisahau mimi. Kelele zile hakuzisahau.

Astaghfirullah. Mdomo ule nimeufunga mimi.

Basi leo adhana ya adhuhuri ilipolia, nilifunga madirisha yote, nikawasha koroboi, nikaweka tende na uji wa mchele. Nikamwambia, "Bibi, magharibi hiyo. Tufuturu." Uongo mtupu, tena nimeuegemeza kwenye adhana. Mungu ndiye ajuaye atanihukumu vipi. Mwanahawa akaitazama taa, akaitazama tende. Akasema bismillahi, akanywa. Maji vikombe viwili na uji nusu bakuli! Zuhura alikuwa mlangoni, kanga mdomoni, analia.

Tumekubaliana na Zuhura: kesho mama yake haendi. Kila adhuhuri nitamfuturisha hivi hivi, na siku atakayokataa nitampakia lorini mwenyewe, mpira wa puani au usiwe mpira. Dresa akiniona mjinga, na anione.

Nilipokuwa namfuta kidevu, Mwanahawa akanishika mkono. Akatupa jicho mlangoni, akaninong'oneza.

"Ahsante, babu. Lakini usimwambie mume wangu kama nimekula. Mkali yule."

Nimemwahidi sitamwambia.