Rada ya Mheshimiwa

Ijumaa, baada ya Alasiri

Mheshimiwa mume wangu kajilaza, kachoka kusifiwa.

Tangu astaafu utrafiki akachaguliwa mjumbe wa Baraza, hawezi kula kabla ya kuihutubia sahani. Leo tulikuwa na wageni wa chakula cha mchana, majirani zetu wa hapa Amerat waliompigia kura. Wakamlalamikia rada ya njia ya mlimani, ile kamera ya kupima mwendo wa gari, kwamba kila siku inawapiga faini. Nlikuwa nyuma ya mlango na birika la kahawa, nikamsikia akiapa:

"Rada hiyo nitaiondosha! Inawadhulumu raia!"

Wakamshangilia. Mmoja akambusu kichwa, na punje ya wali ingali kidevuni mwa Mheshimiwa.

Hawajui kuwa rada hiyo kaiomba yeye mwenyewe, enzi za upolisi wake, baada ya kuwatoa watoto wawili wa skuli kwenye gari iliyopinduka pale konani. Siku tatu hakutia kitu mdomoni. Mie ndiye niliyemfulia yunifomu. Damu haikutoka.

Wageni walipoondoka nikamuuliza, "Baba Salma, rada ile si wewe uliyeiomba?"

"Bibie, wakati ule nlikuwa polisi," akanijibu, akaagiza kahawa nyengine.

Kumbe na huruma ilikuwa mali ya serikali. Kairejesha pamoja na kofia.

Jumapili, wiki ya kazi ikifunguka, Salma wetu anaanza kazi Wattaya, ng'ambo ya mlima. Atashuka mlima ule ule, na anaendesha kama babake anavyoahidi: mbio, bila ya kutazama mbele.