Uchochoro Unazibwa

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeingia nyumba ya watu! Mtaa huu mpya wote umefanana — geti jeusi, ukuta mweupe, geti jeusi, ukuta mweupe. Nikasukuma geti nikijua ni kwa shoga yangu, fundi cherehani. Nikakuta msichana jikoni, vyombo vya jana vimejaa kwenye karai. Nikadhani shoga kapata mfanyakazi. Nikampa maneno yake! Akaviosha vyote, akaniletea chai. Nimemaliza kikombe ndipo ananiuliza, shangazi, mume wangu anajua umefika? Kumbe bi harusi wa watu, kaniona shangazi wa mumewe. Nimetoka hata sikuaga vizuri. Ila chai anajua kupika.

Kule kwetu, kabla hawajatubomolea kupisha barabara, nani angepotea? Milango yote ilitazama ua mmoja. Ukipiga chafya watatu wanakuombea afya. Hapa nyumba zimepeana mgongo kama mume na mke waliogombana.

Jumatano, 5 Machi
Shoga kaanguka tena. Sukari ilishuka. Nimemkuta sakafuni ubavuni mwa cherehani, jasho linamtoka, anaongea yasiyoeleweka. Nikampa maji ya sukari, kijiko kwa kijiko. Alipopata fahamu akaniambia, umekuja kunichungulia uende ukanisengenye. Nikamjibu, nikusengenye kwa lipi, huna jipya wewe. Tukacheka.

Kule uani mlango wake usipofunguka asubuhi, lazima mtu agonge. Hapa ni mimi peke yangu. Nyumba yake iko nyuma ya yetu, napita uchochoroni kabla sijanywa chai. Basi.

Ijumaa, 7 Machi
Mkutano wa mtaa. Mwenyekiti — mtoto wa juzi, suruali imembana — kasema uchochoro unazibwa, eti wezi wanapita humo. Nikasimama. Nikamuuliza, mwizi huyo umemwona lini? Bibi, ni usalama. Usalama wa nani? Kwa barabara kubwa ni mzunguko mrefu, goti langu halifiki! Kasema kutembea ni mazoezi. Watu wakapiga makofi. Watu wasiojuana hata kwa sura! Mwanangu akanivuta nguo, akanong'ona, mama, unatuaibisha. Mimi! Niliyemfuta makamasi!

Nimemwambia shoga ahamie chumbani kwangu. Hataki. Eti hawezi kukaa kwa mkwe wa mtu akihesabiwa vijiko. Mkaidi sana yule mwanamke. Na mkamwana wangu hahesabu vijiko, ana kasoro nyingine.

Jumapili, 9 Machi
Wamemaliza. Ukuta umenipita kichwa. Niliwatukana wale vibarua, wakacheka, bibi, sisi tumetumwa tu. Kweli, wametumwa.

Jioni nikasimama pale nikamwita shoga. Akaitika! Sauti tu, kama mtu aliye kisimani. Tumekubaliana: asubuhi nikiita, aitike. Akasema, na usiniwikie alfajiri, mimi si kuku wako. Hana adabu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeita. Kimya.

Nimeita tena. Nimemwita kwa majina yote mabaya ninayoyajua, hajanirudishia hata moja. Yeye, anyamaze! Mkamwana kasema labda amelala. Amelala, jua lote hili?

Mwanangu kazunguka kwa barabara. Kapiga simu: geti limefungwa kwa ndani, anamtafuta mwenyekiti atoe ruhusa ya kuvunja. Ruhusa! Nimemwambia avunje, kama ni faini nitalipa mimi. Kakata simu.

Majirani wamechungulia madirishani. Wamefunga mapazia.

Nimekaa juu ya ndoo, mgongo ukutani. Naandika maana nikinyamaza bure nitapasuka. Mkamwana amesimama hapa, anampigia shoga. Naisikia simu yake inaita — hapa hapa, nyuma ya matofali, ni kama ningenyoosha mkono tu niishike. Imekata.

Piga tena, nimemwambia.

Inaita.